Uhuru wa Kuchagua Sabuni

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Tangu utotoni tumezoea kuisoma methali hii kama kemeo kwa mteuzi: asiyeridhika na la kwanza ataishia kupata lililo baya. Hata hivyo, methali yenyewe imejengwa juu ya jambo ambalo hatulitaji, nalo ni kwamba nazi inachagulika. Mama wa Pwani akisimama mbele ya fungu la nazi huinua moja, akaipima uzito kiganjani, akaitikisa karibu na sikio ili asikie maji, akaitazama macho kama yana ukungu. Samaki humfunua matamvua aone kama wekundu ungalipo. Mchele huutafuna punje mbili tatu. Maarifa hayo aliyarithi kwa mama yake na bibi yake, hayana ada wala cheti, na yanamtosha. Akipata koroma, walau alipewa nafasi ya kutikisa.

Mpeleke mama huyo huyo supamaketi, mbele ya shelfu ya sabuni za unga. Pakiti haitikisiki ikasema neno. Kila moja inaahidi weupe, kila moja ina picha ya shati linalong'aa, kila moja ina nguvu mara mbili bila kueleza mara mbili ya nini. Ipo ya mashine na ipo ya mkono. Ipo ya limau, ya waridi na ya upepo wa asubuhi. Akimaliza hapo ahamie kwenye dawa ya meno, kisha karatasi za chooni, dawa ya mbu, mafuta ya kula, nepi, balbu. Kila anaposimama anaulizwa swali ambalo hana nyenzo za kulijibu. Mwishowe huchukua ile aliyoizoea, au yenye bei ya chini, au ile ambayo mtoto ameuimba wimbo wake kutoka kwenye runinga. Anarudi nyumbani amechoka, na hana hakika na alichonunua.

Uchovu huo wasomi wetu huupuuza. Wataniambia ni manung'uniko ya walioshiba, na kwamba taifa lenye vijiji visivyo na maji halina wasaa wa kuhurumia watu waliozidiwa na aina za sabuni. Nakusudia kuonesha kinyume. Hoja yangu ni kwamba uchovu ule ni kazi aliyobebeshwa mnunuzi. Kazi ya kupima, kulinganisha na kuthibitisha ubora, ambayo mzalishaji alipaswa kuifanya kwa uwazi na dola kuisimamia kwa mamlaka, imehamishiwa kwa mama mwenye kapu, bila ujira, na hamisho hilo likapewa jina la heshima: uhuru wa kuchagua.

Naanza na historia, kwa sababu kila anayethubutu kuulalamikia wingi wa bidhaa nchini mwetu hujibiwa kwa neno moja: foleni. Jibu hilo lina uzito wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya nje na ya jumla iliwekwa chini ya shirika la umma, na miaka michache baadaye ikagawiwa makampuni ya biashara ya mikoa, zile RTC ambazo wazee wetu hawajazisahau. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vikamalizia kilichobaki. Sabuni, sukari na kanga vikawa vitu vya kugawiwa. Kupata mche wa sabuni kulihitaji barua, undugu, au jiwe lililowekwa kwenye mstari tangu alfajiri ili lishike nafasi ya mwenyewe. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa zao kwa hofu ya kukutwa nazo.

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozitoa. Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, na umma ukampa jina la Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi madukani. Simdharau hata kidogo aliyefurahi siku alipoiona sabuni dukani bila foleni, na simwungi mkono yeyote anayeitamani RTC leo. Anayeitamani hakuwahi kupanga mstari wake. Lakini foleni haiwezi kuendelea kuwa jibu la kila swali miaka arobaini baadaye. Kumwambia mgonjwa wa leo kwamba babu yake alikufa kwa njaa si matibabu.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: tulipofungua mlango, tulipokea nini na tukaacha nini nje? Mwezi Aprili 1985, miezi michache tu kabla ya enzi ya ruksa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Wazo hilo lilikwishapewa umbo tangu tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy alipolipelekea Bunge la Marekani ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Utazame mpangilio huo, ndugu msomaji. Kuchagua ni ya tatu. Inakuja baada ya usalama na baada ya taarifa, kwa sababu pasipo hizo mbili kuchagua ni kubahatisha. Na inafuatwa na kusikilizwa, kwa sababu aliyebahatisha vibaya lazima awe na pa kulalamikia. Sisi tuliipokea ile ya tatu kwa shangwe, na nyingine tatu tukaziacha zije polepole, kwa miguu. Kitanda chenye tendegu moja hakilaliki, hata lingekuwa la mpingo.

Tulichofundishwa kuhusu wingi kina historia ya kisiasa. Mwezi Julai 1959, katika maonesho ya Marekani jijini Moscow, Makamu wa Rais Richard Nixon alisimama ndani ya jiko la mfano akabishana na Nikita Khrushchev. Hoja yake ilikuwa kwamba wingi wa watengenezaji na wa aina za mashine za kufulia, ukimwachia mama wa nyumbani achague, ni alama ya uhuru. Miaka thelathini baadaye, Septemba 1989, Boris Yeltsin aliingia katika supamaketi moja ya Houston, akaona shelfu zilivyosheheni, akashindwa kuuficha mshangao wake. Masimulizi hayo mawili yamerudiwa mno, na yakageuka somo la uraia: shelfu ikijaa, watu wako huru.

Somo hilo lilituficha nusu ya habari. Marekani ile ya shelfu zilizojaa ilikuwa na tume ya biashara yenye meno tangu 1914. Tangu 1936 ilikuwa na jumuiya huru ya walaji iliyonunua bidhaa madukani, ikazipima maabara, ikachapisha majina ya nzuri na ya mbaya bila kupokea tangazo hata moja. Uingereza ilipata jarida lake la aina hiyo mwaka 1957. Ujerumani Magharibi iliunda taasisi yake ya kupima bidhaa, Stiftung Warentest, mwaka 1964, kwa uamuzi wa serikali yenyewe. Kwa maneno mengine, mataifa tuliyoyaiga yalipojaza shelfu yalimpa pia mnunuzi mtu wa kumtikisia nazi. Sisi tuliagiza nazi, mtikisaji tukamsahau.

Sasa tuitazame sayansi, maana hapa huwa panasemwa mengi kwa haraka. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Katika duka moja huko California waliweka meza ya kuonja jamu. Jamu zilipokuwa aina 24, wapita njia wengi zaidi walisimama, takriban asilimia 60. Zilipokuwa aina 6 walisimama kama asilimia 40. Lakini kati ya waliosimama, walionunua walikuwa asilimia 3 kwenye meza ya aina 24 na asilimia 30 kwenye meza ya aina 6. Wahubiri wengi wa dhana ya kuzidiwa na chaguo huishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani wingi peke yake hauna athari ya kueleweka: pengine huchosha, pengine hufurahisha. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ukafafanua lini unachosha. Unachosha pale chaguo zinapokuwa tata na ngumu kulinganishwa, na pale mchaguaji anapokuwa hajui anachokitaka.

Hayo hayahitaji maabara. Nenda duka la kanga. Pale zimening'inia kanga kwa makumi, na sijawahi kumwona mwanamke wa Pwani akizidiwa nazo. Anatazama pindo, anatazama mji, anasoma jina, anajua jina hili ni la kumpelekea wifi na lile ni la kumjibu jirani. Anashika kitambaa kati ya vidole viwili anajua kama kitachuja. Wingi kwake ni raha, kwa sababu kila tofauti anayoiona ina maana anayoielewa. Kwenye sabuni za unga tofauti anazoziona ni rangi ya pakiti, harufu na wimbo, na tofauti zenye maana, yaani kiasi cha dawa inayoondoa uchafu, kiasi cha chumvi ya kujazia, madhara kwa mikono, hizo hazioni. Wingi wa kanga humtendea kama mjuzi. Wingi wa sabuni humtendea kama mjinga, kisha ukampongeza kwa uhuru wake.

Na je, wingi huo ni wingi kweli? Omo na Sunlight ni za kampuni moja, Unilever. Ndiyo yenye Lux na Lifebuoy pia. Ariel na Tide ni za Procter & Gamble, ambayo Always, Pampers, Oral-B na Gillette nazo ni zake. Anayesimama mbele ya Lux na Lifebuoy akidhani anaamua mshindani gani ashinde, ameamua tu fedha iingie mfuko upi wa koti moja. Sisemi kwamba hilo ni kosa la jinai. Kampuni ina haki ya kuwa na chapa kumi. Ninachosema ni kwamba wingi wa majina hauthibitishi ushindani, na historia imetuonya. Desemba 1924, huko Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu duniani, wakiwamo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na makampuni yenye uhusiano na General Electric ya Marekani, waliunda umoja wa siri ulioitwa Phoebus. Walikubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000 hivi, ilhali ufundi wa wakati ule uliweza kuzidi hapo, na aliyetengeneza balbu ya kudumu zaidi alitozwa faini na wenzake. Mnunuzi wa London au wa Paris aliendelea kuona majina mengi dukani na kuamini kwamba anachagua.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo hila inapouma. Chukua mfano huu wa kubuni. Pakiti ya gramu 400 inauzwa shilingi 2,200. Ya gramu 750 shilingi 4,200. Ya gramu 900, yenye nyota nyekundu iliyoandikwa "bonasi", shilingi 5,400. Ipi ni rahisi? Mwenye kalamu atagundua kwamba ya kwanza ni shilingi 5,500 kwa kilo, ya pili 5,600 na ya tatu, ile yenye bonasi, ni 6,000. Lakini nani anagawanya 5,400 kwa 900 huku mtoto akimvuta kanga na daladala ikimsubiri? Vipimo vimetawanywa, gramu 400 hapa, 380 pale, 425 kule, kiasi kwamba ulinganisho ugeuke mtihani. Katika Umoja wa Ulaya agizo la mwaka 1998 linamlazimu mwenye duka kuandika, chini ya bei ya pakiti, bei ya kilo moja au lita moja. Ni mstari mmoja wa wino, na mtihani wote unafutika. Kwetu mstari huo ungekuwa na thamani kubwa zaidi, kwa sababu maskini wetu hununua kwa kipimo kidogo kuliko vyote: kipakiti cha sabuni cha kufulia mara moja, mafuta ya kula ya kupima, dawa ya meno ya kufyonzwa hadi tone la mwisho. Mara nyingi huyo ndiye anayelipa bei kubwa zaidi kwa kilo, na ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kuna athari nyingine, nayo inawahusu hata wazalishaji waaminifu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alieleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, hukataa kulipa bei ya kizuri. Mwenye kizuri hupata hasara, hujiondoa, na soko hubaki na kibaya. Babu zetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo vyote viwili vinajitembeza kwa wimbo ule ule na kwenye mabango yale yale. Ndiyo maana pale Kariakoo muuzaji wa ekstensheni ya umeme hukuuliza kabla hujafungua mdomo: unataka orijino au ya kawaida? Swali hilo limezoeleka hata halitushangazi. Maana yake ni kwamba sote wawili, mimi na yeye, tumekubali kuwa "ya kawaida" ni ile isiyoaminika. Na ekstensheni si limau na waridi. Waya mwembamba kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi lake unaweza kuteketeza chumba walimolala watoto.

Wananchi, kama kawaida yao, hawakusubiri serikali. Wamejitungia ulinzi wao, na mmojawapo uko ndani ya lugha. Nenda dukani usikie mtu akisema, "Nipe kolgeti ya Whitedent." Wasomi hucheka, ilhali hapo pana hekima: dawa zote za meno zimerudishwa kuwa kitu kimoja, kolgeti. Nepi zote ni pampasi. Dawa zote za kung'arishia nguo ni jiki. Wataalamu wa matangazo wametumia fedha nyingi kutenganisha, na watu kwa neno moja wakaunganisha, kwa sababu kichwa cha binadamu kina kazi nyingine za kufanya.

Ulinzi wa pili ni Mangi. Namzungumzia mwenye duka la mtaani, ambaye Dar es Salaam humwita hivyo hata akiwa si Mchaga. Mangi ana sabuni za unga aina tatu au nne. Ukimwambia, "Mangi, nipe iliyo nzuri," anakupa, na ikiharibu shati la ofisini utamrudia kesho saa moja asubuhi, mbele ya wateja wengine, naye anajua hivyo. Tena ana daftari la mikopo, na daftari hilo linamfunga yeye kama linavyomfunga mteja. Mangi ni maabara, ni mahakama ya walaji na ni benki, vyote katika chumba cha hatua nne kwa tatu. Supamaketi ilipokuja ilileta kiyoyozi na risiti, lakini haikumleta wa kumuuliza. Kijana anayepanga pakiti ameajiriwa kupanga pakiti.

Nauliza tena: nani anafanya kazi hii ya kuchagua? Katika nyumba nyingi ni mwanamke. Ndiye anayekariri bei, anayesoma lebo, anayejua ni karatasi gani za chooni zilizopungua urefu kimyakimya, na ndiye anayelaumiwa sabuni ikichuja nguo. Katika darasa langu huwauliza vijana wa kiume wataje bei ya mche wa sabuni, na kimya hutanda. Kwa hiyo tunapoupigia makofi uhuru wa kuchagua, tunapigia makofi zamu nyingine ya kazi isiyoandikwa popote, iliyoongezwa juu ya zamu za kupika, kufua na kulea. Na huyo huyo aliyepewa uhuru wa sabuni ishirini hajapewa uhuru wa kuchagua bomba litakalotoa maji, wala zahanati yenye dawa, wala shule ambayo mtoto wake hataketi sakafuni. Pale pasipo na maana ameachiwa bahari. Pale penye maana hana hata kisima. Nashuku wingi wa kwanza husaidia kuficha uhaba wa pili.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na nitazijibu tatu.

Ya kwanza itasema: taasisi zipo. Ni kweli. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, enzi ambazo bidhaa zenyewe zilikuwa haba. Ipo Tume ya Ushindani, upo Wakala wa Vipimo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imetaja hata baraza la kuwatetea walaji. Siwabezi watumishi wa taasisi hizo. Baadhi yao niliwafundisha, na najua wanavyofanya kazi. Shida ni kwamba sauti yao humfikia mnunuzi siku ya kuteketeza shehena ya bidhaa bandia mbele ya kamera, kisha ikanyamaza. Alama ya ubora humwambia mnunuzi kwamba bidhaa imevuka kizingiti; haimwambii ipi imekivuka kwa hatua mbili na ipi kwa ncha ya kidole. Matokeo ya vipimo, ambavyo umma unavigharimia, yatolewe kwa majina.

Ya pili itasema: masharti mapya yatawaua wazalishaji wadogo, yule mama wa kikundi anayetengeneza sabuni ya maji na kuijaza kwenye chupa zilizotumika. Nami nasema mazingira ya sasa ndiyo yanayomwua. Hana fedha ya wimbo wa runinga. Silaha pekee anayoweza kupigania ni ubora na bei, na hivyo viwili ndivyo ambavyo shelfu ya leo imevificha. Mpe mnunuzi bei ya lita moja na matokeo ya kipimo kimoja cha haki, na mama yule atasimama bega kwa bega na kampuni ya kimataifa. Gharama ya kipimo hicho kwa walio wadogo ibebwe na umma, kwani faida yake ni ya umma.

Ya tatu itasema: mnunuzi mwerevu atafute habari mwenyewe, siku hizi kuna intaneti. Hili ndilo jibu linaloniudhi kuliko yote, maana linarudisha mzigo pale pale ulipotoka. Mtu mmoja hawezi kuwa mkemia wa sabuni, fundi wa umeme, mtaalamu wa lishe na mwanasheria kila Jumamosi. Tuliunda dola, pamoja na mambo mengine, ili yale ambayo kila mmoja angeyafanya peke yake kwa taabu yafanywe mara moja kwa niaba ya wote. Hatumtaki kila abiria akague breki za basi kabla ya kupanda.

Tunachopaswa kudai si kikubwa. Kwanza, bei ya kilo, ya lita au ya kipande iandikwe chini ya kila bei kwenye maduka makubwa, kwa herufi zinazosomeka. Pili, maelezo ya matumizi na tahadhari yawe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Lugha inayotosha kumhukumu mtu inatosha kumwonya asivute moshi wa dawa ya mbu. Tatu, jina la kampuni inayomiliki chapa liwe mbele ya pakiti, ili anayedhani anachagua kati ya wawili ajue kama anachagua kati ya mikono miwili ya mtu mmoja. Nne, matokeo ya vipimo vya bidhaa za nyumbani yatangazwe kwa ratiba inayojulikana, yabandikwe sokoni na yasomwe redioni. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya taarifa za kumwezesha kunufaika nazo. Utekelezaji ni safari nyingine, lakini raia mwenye ibara mkononi huianza safari hiyo akiwa amevaa viatu.

Kwa wanafunzi wangu wa kemia, uhandisi na takwimu: mnayo maabara, na mnatafuta mada za tasnifu. Nunueni sabuni kumi, mzipime, mchapishe kwa Kiswahili. Kwa wanaharakati: mmesimama imara kwenye katiba na ardhi, kapu la mama nalo ni uwanja wa siasa. Kwa watumishi wa umma: ule mstari mmoja wa wino chini ya bei unahitaji kanuni yenye kurasa chache na saini moja.

Methali nyingine yasema mchagua jembe si mkulima. Waliotunga methali hiyo walijua majembe. Waliona chuma, wakakigonga, wakasikia mlio wake. Mtu aliyenyimwa kugonga, kutikisa na kusikia hana haki ya kuitwa mteuzi, na hastahili kulaumiwa akirudi nyumbani na koroma. Tuanze kwa kumrudishia kile alichokuwa nacho mbele ya fungu la nazi.